Madame Aliyelaza Mashine

Ukimwona mtu wa Goma wa umri wangu anapunguza sauti kompyuta inapomaliza kazi, usimshangae. Alisoma kwa Madame. Hata mimi, ambaye sasa nazitengeneza mashine hizo kwa mikono yangu na najua vizuri kwamba hazina masikio, nikiona ule mstari mdogo unajaa kwenye skrini naanza kunong'ona. Wateja wangu hutazamana. Wengine huniuliza kama namwomba Mungu.

Tulimwita Madame tu. Walimu wote wa kike kwetu huitwa hivyo, lakini wengine ilibidi uwaongezee jina au somo ili ueleweke. Yeye hakuhitaji nyongeza. Chumba chake cha mafunzo kilikuwa mtaa wa Himbi, nyuma ya nyumba yake, mbao juu na mawe ya volkano chini, na ndani mlikuwa na mashine kuukuu zilizoachwa na mashirika yaliyofunga ofisi na kurudi makwao. Tulijifunza kuandika, kupanga hesabu na kuchapa. Lakini somo la kwanza, kabla hujagusa hata herufi moja, lilikuwa jinsi ya kumaliza. Madame alisimama, mikono nyuma, akamngojea mgeni afanye kosa ambalo kila mgeni alilifanya, yaani kunyoosha kidole kwenye kitufe cha kuzima.

"Juu ya nini unaizima?" aliuliza. "Imekukosea nini?"

Mgeni alirudisha kidole. Nani angejibu swali kama hilo?

"Huku hatuzimake mashine," Madame alisema. "Tunalazaka."

Kisha alieleza, na alieleza vizuri kiasi kwamba sijawahi kusikia mtu mwingine akieleza zaidi yake. "Memware ni meza," alisema, akimaanisha kumbukumbu ya mashine, na kupiga meza iliyokuwa mbele yake. "Diski ni kabati. Kazi yote inafanyika juu ya meza, lakini ile meza inashikwa na courant, ile umeme. Courant ikienda, meza inaanguka na vyote vyenye viko juu yake." Kuna usingizi mfupi, ambao ni kuviacha vitu juu ya meza na kupunguza taa tu, betri ikiisha, umelia. Usingizi huo aliudharau. Alioutaka yeye ni ule mrefu, ambao mashine zetu za Kifaransa ziliuita veille prolongée. Huo ni kuchukua meza nzima jinsi ilivyo, na kitabu kilichofunguliwa na kalamu iliyolala juu yake, na kuitia kabatini. Ukishafanya hivyo unaweza kung'oa hata waya ukutani. Siku ukirudi unaitoa meza, kalamu iko palepale, na neno uliloliacha nusu linakungoja ulimalizie.

Kwa mji kama wetu, hilo halikuwa jambo dogo. Umeme wa Goma huondoka bila kuaga, au hukupa dalili ndogo sana, balbu kuwa nyekundu kidogo, redio ya jirani kukwaruza. Madame alizijua dalili hizo kuliko mtu yeyote. Alipiga makofi, na sisi sote tukaacha tulichokuwa tunafanya tukazilaza mashine. Kisha umeme ulikatika kweli, na onduleri, kile kisanduku cha betri chini ya meza, kikaanza kulia, na muda wa kilio chake ndio uliokuwa wetu. Hakuna aliyeruhusiwa kuinuka. Hakuna aliyeruhusiwa kusema kwa sauti. Tulikaa tukitazama mistari ikijaa mpaka kila skrini ikawa nyeusi, ndipo Madame akashusha pumzi na kusema, kwa sauti ya chini, "Voilà. Zimelala."

Sijui nani alianzisha kunong'ona. Nafikiri yeye mwenyewe hakujua kwamba ananong'ona. Siku moja mwenzetu mmoja alipiga chafya mashine zikiwa zinalala, na Madame akageuka akamtazama kama mama aliyemlaza mtoto kwa shida. Kuanzia siku hiyo tulijizuia hata kukohoa. Mimi nimesoma vitabu vingi vya ufundi tangu wakati ule na hakuna hata kimoja kinachotaja chafya.

Jambo jingine lililomkasirisha ni kabati kujaa. Ili meza nzima iingie kwenye diski lazima diski iwe na nafasi, na sisi vijana tulizijaza diski zake kwa nyimbo na video za arusi. Mashine ikikataa kulala kwa kukosa nafasi, Madame hakuuliza ni za nani. Alifuta. Alifuta arusi nzima ya dada wa mwanafunzi mmoja, keki, wachezaji, baba wa bibi arusi akilia, vyote. Mwenye arusi alipokuja kulalamika, Madame alimpa chai na kumuuliza kama ndoa bado ipo. Yule dada akasema ipo. "Bien," Madame akasema, "basi hakuna kitu umepoteza."

Nimesema alilaza mashine, lakini ukweli ni kwamba alilaza kila kitu. Mazungumzo kwa mfano. Mtu mwingine ukikatizana naye, mkikutana tena mnaanza upya, habari za nyumbani, habari za watoto. Madame hakuanza upya. Tuliwahi kuachana sokoni Virunga kwa sababu ya mvua, akiwa katikati ya kunieleza jambo la shangazi yake. Ikapita miezi. Nikakutana naye njiani kuelekea bandari ya Kituku, kapu la ndakala, vile vidagaa, mkononi, na kabla sijamsalimia akasema, "Ndiyo maana nikamuambia hapana, arudi kwao." Ilibidi nisimame barabarani nitafute kichwani mwangu ni nani huyo aliyeambiwa hapana.

Hata sahani yake ya chakula haikuondolewa. Alikuwa na rafiki jirani, na wakati mwingine alikula kwake, akaitwa katikati, akaondoka. Alifunika sahani na kurudi jioni, au kesho yake, akiuliza, "Fufu yangu iko wapi?" Yule rafiki alijifunza kutompa mbwa chochote kabla ya kumuuliza.

Lakini kubwa kuliko yote ni ugomvi wake na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao. Waligombana juu ya kitambaa cha sare. Kiongozi alitaka cha bluu, Madame alisema bluu inawafanya wanene waonekane kama mapipa, na mwenyewe ndiye aliyekuwa mnene kuliko wote, kwa hiyo alizungumza kwa uzoefu. Ugomvi haujaisha, vita vikaja. Kila mmoja alikimbilia upande wake. Waliporudi walikutana uani mwa kanisa, wakakumbatiana, wakalia, wakahesabiana waliofariki, wakalia tena. Sisi tuliokuwa karibu tuliona aibu kuwatazama. Ndipo Madame akajitoa mikononi mwa yule kiongozi, akajifuta uso kwa kitenge chake.

"Lakini ile kitambaa ya bleu," alisema, "nasema tena, hapana."

Kiongozi wa kwaya alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa amempoteza kaka yake katika vita hivyo, na aliniambia baadaye kwamba kicheko hicho ndicho kilichomfanya aamini kwamba amefika nyumbani.

Sasa ngoja niseme na kasoro zake, maana nisiposema watu wa Himbi watanicheka kwamba nimempamba. Madame, mwalimu wa kulaza, yeye mwenyewe alilala vibaya. Usiku alizunguka nyumba. Mchana, baada ya kula, usingizi ulimkamata amesimama ubaoni, chaki mkononi, akakaa kidogo kwenye kiti na kuondoka duniani. Tulimwacha. Akiamka aliendelea na sentensi ileile kutoka neno lilelile. Wanafunzi wa kikundi kimoja walifuta ubao akiwa amelala wakaandika somo jingine kabisa, ili wamwone atakavyobabaika. Aliamka, akamalizia sentensi yake ya mwanzo, akageuka akaona ubao, akasema tu, "Nani aligusa kabati yangu?"

Simu yake aliizima. Ndiyo, aliizima kabisa kila jioni, na hakuona ajabu yoyote. Ukimuuliza alisema simu ni ya watu na mashine ni ya kazi, jibu ambalo halina maana lakini alilitoa kwa uso wa mtu ambaye amemaliza kesi.

Na kuhusu kuhifadhi kazi, hapo alitushangaza zaidi. Sisi tuliambiwa tuhifadhi kila mara, tupe kila faili jina, na aliyesahau alipigiwa rula mezani mpaka moyo ukaruka. Mwanafunzi mmoja alipoteza sura nzima ya kazi yake ya kumaliza chuo kwa kutohifadhi, na Madame hakumhurumia hata kidogo. Lakini mashine yake mwenyewe, ile ya pembeni karibu na dirisha, ilikuwa imejaa maandishi yasiyo na jina hata moja. Barua zilizoanzwa, mipango ya masomo, hesabu za mahindi, vyote vimefunguliwa, vyote nusu. Alivilaza na kuviamsha hivyohivyo mwaka mzima. Nilimuuliza sababu.

"Kile unapatia jina, umemaliza nacho," alisema. "Mimi bado sijamaliza."

Mumewe alikuwa dereva wa lori, akileta kabichi na maharage kutoka Rutshuru, na alikuwa kinyume chake kwa kila hali. Yeye alizima hata lori likiwa linatembea. Kila mteremko alikata moto akaliacha lishuke lenyewe, kimya, ili mafuta yasiishe, na Madame akisafiri naye alishika kiti kwa mikono yote miwili akiita watakatifu. Tena alikuwa muongo. Sisemi kwa ubaya, alikuwa muongo wa kupendeza, ambaye hakumdhulumu mtu yeyote kwa uongo wake. Alituapia kwamba kuna sokwe mmoja pale Rumangabo anayemjua kwa jina, na kwamba lori likipita sokwe huyo hupunga mkono. Mtaa mzima ulicheka. Madame alimuuliza, bila kutabasamu, huyo sokwe anaendeleaje. Katika Goma nzima yeye peke yake ndiye aliyemwamini mumewe, na sijawahi kujua kama aliamini kweli au aliamua tu.

Vita vilipofunga barabara ya Rutshuru, lori likaegeshwa, na dereva asiye na barabara ni mtu wa kuhurumiwa. Alizunguka uani, akagusa magurudumu, akaingia chumbani kwetu akakaa nyuma ya wanafunzi. Kompyuta alikuwa amezicheka miaka yote. Alisema ni kama wagonjwa wa mkewe, zinalazwa na kuamshwa na hazitoki kitandani. Lakini siku moja Madame, kwa kuchoka kumwona anazunguka, alimkalisha mbele ya mashine yake ya pembeni na kumfungulia ule mchezo wa karata wa mtu mmoja, ambapo unapanga nyekundu juu ya nyeusi, kutoka roi, yaani mfalme, mpaka chini, mpaka uzimalize zote. Hakuinuka tena. Alicheza asubuhi, alicheza jioni, na ukimuuliza anaendeleaje jibu lilikuwa moja.

"Niko nashinda."

Hakuna aliyewahi kumwona akishinda. Madame mwenyewe hakujua mchezo huo na hakutaka kuujua. Alisema karata zinampa kizunguzungu. Alimletea chai, akatazama zile rangi, akaridhika.

Kisha asubuhi moja askari walianza kupita Himbi wakirudi nyuma, wengine wameshavua magwanda, na mabomu yakasikika kutoka upande wa Munigi. Nilikimbia kwa Madame kumsaidia kubeba vitu. Godoro lilikuwa tayari juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, binti yao amesimama mlangoni na masufuria kichwani, majirani wanapita mbio. Umeme, kwa maajabu yake, ulikuwepo. Madame alikuwa ndani akienda kutoka mashine moja hadi nyingine.

"Madame, batu banakimbia," nilimwambia.

"Acha bakimbie. Hii haijalala."

Ardhi ilitetemeka kidogo, vumbi likashuka kutoka darini, naye amesimama mbele ya mstari unaojaa, mkono kiunoni, ananong'ona kwamba bado kidogo. Naapa sijawahi kumchukia mtu na kumpenda kwa wakati mmoja kama dakika zile. Ya mwisho ilikuwa ile ya pembeni, na mbele yake mumewe bado amekaa, anapekua karata.

"Papa, simama," alimwambia mumewe.

"Usiizime."

"Lini umeniona nazima?"

"Laza. Niko nashinda, nakuambia. Imebaki kidogo sana." Naye hakuinuka mpaka skrini ilipokuwa nyeusi na taa ndogo imezimika.

Tulitembea mpaka Sake, na kutoka Sake mpaka Minova, na huko tukapewa pembe ya darasa katika shule iliyojaa watu waliotoka kila upande. Kila siku wanaume walibishana uani. Wengine walisema tuendelee mpaka Bukavu, wengine walisema Goma imekwisha na atakayerudi ni mjinga. Mume wa Madame hakubishana. Alisema yeye lazima arudi kwa sababu karata zake zinamngoja. Walicheka, na yeye akawaeleza jinsi zilivyopangika, roi yupi yuko wapi, dame yupi, yaani malkia, anakaribia kukaa juu yake, na bado kadhaa tu zimalizike. Alieleza kwa makini sana. Ikafika mahali watoto wa darasa zima waliijua karata ile kuliko somo lolote, na asubuhi walimuuliza kama amepata njia ya kutoa ile ya chini.

Halafu akashikwa na homa ya matumbo. Dawa zilikuwa chache na watu walikuwa wengi. Nilikuwepo siku ya mwisho alipozungumza vizuri, na alichomuuliza mkewe ni hiki: "Uliilaza muzuri?"

"Nililaza muzuri, Papa."

"Basi tutarudi tumalizie."

Tulimzika kwenye mteremko juu ya ziwa. Nilimpenda yule muongo, na nimelia kwa ajili yake zaidi ya nilivyolia kwa watu wengi waliosema kweli.

Baada ya mazishi, ukoo ulikaa. Binti alikuwa amepata mchumba kutoka Bukavu, na wote walikubaliana kwamba mama aende huko na bintiye, maana Goma hakuna kilichobaki. Madame aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anarudi. Wakamuuliza anarudi kwa nani. "Kuna kazi yake haijamalizika," alisema, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Mimi nilirudi naye.

Chumba kilikuwa kimeibiwa. Skrini zote nyembamba zilikwenda, onduleri zilikwenda, hata viti. Ile ya pembeni ilibaki kwa sababu skrini yake ilikuwa ya zamani, ile yenye mgongo, nzito kama gunia la maharage, na inaonekana mwizi alijaribu kuinyanyua akaghairi, maana tuliikuta imesogezwa mpaka ukingo wa meza. Madame aliirudisha mahali pake. Akaipangusa, akaangalia waya, akaifunika kitenge, na hakuiwasha.

Hakuiwasha mwezi ule wala mwaka ule. Alitafuta mashine nyingine, akafungua tena masomo, tukaendelea kulaza na kunong'ona, na ile ya pembeni ikakaa chini ya kitenge chake. Vita vingine vilipowaleta watu wa Masisi mjini, familia moja ililala katika chumba hicho, watoto wao chini ya meza, na Madame aliwapa vyote alivyokuwa navyo, sufuria, mablanketi, hata chumvi, ila aliwaomba wasicheze mpira upande wa dirisha.

Nilikuwa nimeshakuwa fundi, nikamwambia mara nyingi kwamba mashine haipendi kukaa hivyo, kwamba vitu vya ndani vinazeeka hata bila kutumika. Alinijibu mambo mawili, kutegemea siku. Siku moja alisema, "Nikiiamusha, courant ikikatika katikati?" Nikamwambia tutailaza tena. "Najua," alisema. "Ni mimi nilikufundisha." Siku nyingine, akiwa amechoka zaidi, alisema ukweli. Yeye hajui karata. Mumewe alikufa akiwa anashinda, na mtu aliyekufa akiwa anashinda usiende kugusa mchezo wake kwa mikono isiyojua ukamharibia. Nilinywa chai yangu.

Ikapita miaka. Nilihamia Butembo kikazi, nikarudi, nikafungua kibanda changu mtaa wa Birere. Mji ulibadilisha watawala tena, watu wakakimbia tena, wengine wakarudi tena. Siku moja nikapata ujumbe wake, mchana, kwa hiyo simu ilikuwa imewashwa. Aliniambia nije na alimantasio, kile kifaa kinachoipa mashine nguvu, na nije upesi.

Nilimkuta amekonda, jambo ambalo lilinitisha, na miguu yake imevimba. Begi lilikuwa mlangoni. Binti yake alikuwa amempigia simu kutoka Bukavu akilia, akisema hawezi tena kulala kwa kumfikiria mama yake peke yake huku, na safari hii Madame alikubali. Boti lilikuwa Kituku. Mwenye boti alikuwa amepita kuangalia mzigo, akaangalia lile likichwa la skrini na lile sanduku lake la chuma, akasema mama, begi na godoro sawa, ile hapana.

"Naweza kutoa diski," nilimwambia. "Ni ndogo, utaitia kwenye mkoba. Kule Bukavu wataiweka ndani ya mashine nyingine."

"Na ile nyingine itaiamusha?"

Alijua jibu. Meza iliyotiwa kabatini na mashine moja haitolewi na mashine nyingine. Mwili ukibadilika, inakataa, na inakuuliza kama ufute kila kitu uanze upya.

"Ukitoka leo," nilisema, "wataichukua au wataivunja."

"Njo maana nilikuita."

Akaondoa kitenge mwenyewe. Nilifungua sanduku, nikapuliza vumbi, nikabadilisha alimantasio iliyokuwa imekufa na ile pile, betri ndogo ya saa, na sikugusa kingine chochote. Madame alivuta kiti akakaa karibu yangu na kuanza kunisimulia jinsi mkwewe, mume wa binti yake, asivyojua kupika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, haraka haraka, kwa sauti kubwa, bila kuvuta pumzi. Nilibonyeza kitufe. Mashine iliguna, ikalalamika kwamba haijui ni tarehe gani, nikaiambia iendelee. Halafu ule mstari ukaonekana. Madame akaacha habari za sombe.

Skrini ilikuja polepole kama zinavyokuja zile za zamani, kwanza giza la kijani, kisha kingo, kisha karata, zote, zimepangwa katika safu zake, na mshale umesimama juu ya furushi la kupekulia, pale mkono wa mumewe ulipouacha. Nyuma yake zilionekana pembe za maandishi yasiyo na jina.

Madame alisogeza kiti karibu zaidi na skrini. Kisha akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa, "Imebaki ngapi amalize?"

Niliangalia. Naujua mchezo ule, kila fundi anaujua. Nilipekua furushi lote, nikapekua tena. Nilitazama safu moja moja. Roi wawili walikuwa wamefunikwa na karata ambazo hazikuwa na pa kwenda, na walichohitaji kilikuwa chini yao wenyewe. Zilizopanda juu, zile zilizokwisha kumalizwa, zilikuwa tatu tu. Nilitafuta uongo wa kumwambia na sikuupata kwa haraka.

"Madame, hapa hakuna njia."

"Angalia muzuri."

"Nimeangalia. Alikuwa ameshindwa. Na tangu zamani, hii haikufungwa leo. Kila unachogusa kinarudi."

Alinitoa mkono kwenye kipanya akajaribu mwenyewe. Hakujua lolote. Aliweka nyekundu juu ya nyekundu, na mashine ikairudisha karata mahali pake. Akajaribu nyingine, ikarudi. Nyingine tena. Ndipo akaanza kucheka, kwanza kwa bega tu, kisha mwili mzima, akapiga goti lake, akasema, "Muongo huyu. Muongo huyu, Mungu wangu," na sijui ni wakati gani kicheko kiligeuka, lakini nilipomtazama vizuri machozi yalikuwa yanashuka mpaka shingoni.

"Kule Minova alisemaka kila siku," alisema. "Roi iko hapa, dame iko pale. Wewe ulisikia."

"Nilisikia."

"Alijua. Alikaa mbele yake asubuhi muzima, alijua hii kitu imekufa. Alinidanganya juu nikuwe na kitu ya kurudilia."

Niliweka mkono mgongoni mwake. Nje, mwenye boti, aliyekuja kumchukua, alipiga honi ya pikipiki, na simu ya Madame ikaanza kulia mezani. Aliitazama, akaiacha ilie.

"Na nilirudi kweli," alisema.

Simu ilipolia mara ya pili aliichukua, akamwambia mwenye boti angoje, kuna mashine bado haijalala.